Saa za GPS na Vipima Mapigo ya Moyo: Namna ya Kukikagua Kipimo Kabla ya Kukiamini

Mkazi wa Ubaruku hahitaji kufundishwa na mtu umuhimu wa kipimo. Katika mji huu wa Wilaya ya Mbarali, ambao maisha yake yanauzunguka mpunga, mkulima anaijua tofauti ya gunia lililofungwa sawasawa na gunia la lumbesa. Anajua pia kwamba mizani ya mnunuzi inapaswa kuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, na kwamba mizani isiyohakikiwa inaweza kumla kilo kadhaa kwa kila gunia bila yeye kuhisi. Tumeona vyema tulianzie somo hili hapo, kwa kuwa kifaa tunachokizungumzia nacho ni kipimo. Tofauti ni kwamba kipimo hiki hakuna ofisa anayekuja kukihakiki wala kukibandikia stika. Mhakiki wake ni mlaji mwenyewe.

Tunazungumzia saa za mkononi zinazopima umbali kwa GPS na mapigo ya moyo kwa kihisi kilicho chini yake, pamoja na mikanda ya kifuani inayofanya kazi hiyo ya pili. Vijana wa vikundi vya mbio za asubuhi wanazinunua, hasa wanapojiandaa kwa mashindano kama Mbeya Tulia Marathon au Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Wanazinunua pia watu wazima walioshauriwa na daktari kufanya mazoezi kwa sababu ya shinikizo la damu au kisukari. Saa halisi yaweza kugharimu thamani ya magunia kadhaa ya mchele. Pembeni yake huuzwa nyingine kwa bei ya kilo chache tu za mchele, na maneno yaliyoandikwa kwenye maboksi ya saa hizo mbili huenda yasitofautiane hata kidogo.

Kabla ya yote tuseme wazi kwamba hakuna anayelazimika kuwa na saa ya namna hii ili akimbie. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na Juma Ikangaa alishinda New York City Marathon mwaka 1989, miaka ambayo mwanariadha hakuwa na GPS ya kuvaa mkononi. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, alitofautiana na Mjerumani aliyemfuatia kwa sehemu tatu za mia za sekunde, tofauti iliyoamuliwa na kamera ya mstari wa kumalizia. Saa ni msaidizi wa mazoezi. Mwenye fedha haba na viatu vilivyochanika aanze na viatu.

Umbali unavyopimwa

GPS ni mfumo wa setilaiti za Marekani zinazoizunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini. Kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa kilicho mkononi mwako hupokea matangazo hayo, hupima muda yaliotumia kusafiri, kisha hukokotoa mahali ulipo. Ili hesabu hiyo ikamilike, kifaa kinahitaji kuzisikia setilaiti zisizopungua 4 kwa wakati mmoja. Saa nyingi za sasa husikiliza pia mifumo ya mataifa mengine, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na hiyo ni faida, kwa maana setilaiti zinapokuwa nyingi angani makosa hupungua. Hadi Mei mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiiharibu kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata kosa likafikia makumi ya mita. Leo, penye anga wazi, kifaa cha kawaida hukosea mita chache tu.

Bonde la Usangu ni tambarare na lina anga pana, hali ambayo mkimbiaji wa katikati ya majengo marefu ya Dar es Salaam angeitamani. Hata hivyo, makosa mawili huwapata wengi hapa pia. La kwanza ni haraka. Mtu huamka, huivaa saa akiwa ndani ya nyumba ya bati, hubonyeza na kuanza kukimbia kabla saa haijazipata setilaiti, kisha hulalamika kwamba nusu kilomita ya mwanzo haikuhesabiwa. Toka nje, simama mahali pasipo na miti, usubiri hadi saa ikuoneshe kwamba iko tayari. Saa iliyokaa wiki kadhaa bila kuwashwa huweza kuchukua dakika kadhaa. La pili ni kuzunguka uwanja mdogo. Saa huweka alama za mahali ulipo kila baada ya muda mfupi na kuziunganisha kwa mistari, kwa hiyo kwenye kona kali za uwanja wa mpira huikata kona au huipanua. Mizunguko ishirini ya uwanja italeta jumla isiyolingana na ukweli, na saa haitakuwa mbovu kwa hilo.

Swali la mashindano limetufikia mara nyingi: kwa nini saa inasoma kilomita 42.6 wakati marathoni ni kilomita 42.195? Je, waandaaji wameiba? Hapana. Njia ya mashindano yaliyosajiliwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio maalumu, ikifuata mstari mfupi kuliko yote unaowezekana, na huongezwa mita 1 katika kila 1,000 ili isije ikapungua. Mkimbiaji hapiti katika mstari huo. Hupinda kuwapita wenzake na hufuata meza za maji, na juu ya hayo huongezeka makosa madogo ya saa yenyewe. Saa ikisoma zaidi kidogo, hilo ndilo la kutarajiwa.

Jaribio la futikamba na jaribio la bodaboda

Tafuta tuta la mfereji lililonyooka, lisilo na msongamano wa watu. Chukua futikamba ya mita 50, ipime mara 10, na uweke kigingi mwanzoni na mwishoni. Sasa unazo mita 500. Washa saa, isubiri iwe tayari, kimbia hadi kigingi cha pili na urudi. Kwa maoni yetu, saa inayosoma kati ya mita 980 na 1,020 inafaa kabisa kwa mazoezi ya mtu wa kawaida. Ikisoma 900, rudia siku nyingine, na ikisoma hivyo tena, irudishe dukani.

Jaribio la pili ni la muhimu zaidi, maana linafichua udanganyifu ambao kwa jicho hauonekani. Zipo saa zilizoandikwa GPS ambazo ndani yake hamna kipokezi chochote cha setilaiti. Huhesabu hatua kwa mtikisiko wa mkono, huzizidisha kwa urefu wa hatua unaokadiriwa kutokana na kimo chako, kisha hukuonesha umbali. Kwa mtembea kwa miguu namba hiyo yaweza kukaribia ukweli, ndiyo maana mnunuzi hashtuki. Basi fanya hivi: zima simu yako au iache nyumbani, chagua kwenye saa aina ya zoezi la kuendesha baiskeli au kukimbia nje, panda bodaboda kama abiria, na uweke mkono umetulia juu ya paja kwa kilomita mbili au tatu. Saa yenye GPS ya kweli itaonesha umbali uliosafiri. Saa ya kuhesabu hatua itaonesha sifuri, au mita chache ilizookota kwenye mashimo ya barabara.

Tumesema uzime simu kwa sababu ipo aina ya tatu, inayoazima GPS ya simu. Saa hizo si za udanganyifu, na kwa anayekimbia na simu mfukoni zinatosha. Udanganyifu ni kumuuzia mtu bila kumwambia kwamba pasipo simu haitapima kitu.

Mapigo ya moyo

Vipima mapigo visivyo na waya vya wanamichezo vilianzia Finland, ambako kampuni ya Polar Electro ilitoa kifaa chake cha kwanza cha kuvaa mwaka 1982. Kilikuwa mkanda wa kifuani, na hadi leo mkanda unabaki kuwa kipimo cha kutegemewa zaidi mazoezini, kwa kuwa hupokea umeme wa moyo wenyewe. Masharti yake ni mepesi: ulowanishe kwa maji sehemu zinazogusa ngozi, uubane usiteleze, na uusuuze baada ya mbio ili chumvi ya jasho isiuharibu.

Saa hutumia njia nyingine. Hupiga mwanga wa kijani kwenye ngozi na kupima kiasi kinachorudi. Damu huufyonza mwanga huo, hivyo kila moyo unapopiga na damu kujaa, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Mtu akiwa ameketi, njia hii hufanya kazi vizuri. Anapokimbia, matatizo huanza. Saa iliyolegea huingiza mwanga wa nje. Baridi ya alfajiri hupunguza damu mkononi. Kukaza ngumi, kama mtu anaposhika mpini wa jembe au usukani wa baiskeli, huvuruga usomaji. Na lipo kosa ambalo wengi hawalijui: saa hunasa mdundo wa hatua badala ya mdundo wa moyo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika. Ukiona saa inasoma 170 tangu dakika ya kwanza huku ukikimbia polepole na kuzungumza na mwenzako bila taabu, inayohesabiwa pengine ni miguu yako. Sogeza saa juu kidogo ya kifundo cha mkono, uikaze kiasi, uangalie tena.

Kuhakiki ni rahisi. Weka vidole viwili kwenye mshipa chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, ulinganishe na saa. Fanya hivyo ukiwa umeketi, kisha mara tu unaposimama baada ya kukimbia. Tofauti ya mapigo mawili matatu si hoja. Hili ni muhimu zaidi kwetu, kwa sababu weusi wa ngozi nao hufyonza mwanga. Tafiti kuhusu athari yake katika kusoma mapigo ya moyo hazijakubaliana. Kuhusu kipimo cha oksijeni katika damu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba vifaa vya kupimia oksijeni kwa mwanga huweza kuonesha kiwango kikubwa kuliko halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo mtu anayehema kwa shida asikae nyumbani kwa sababu saa imemwonesha asilimia 96.

Mchele wenye shinikizo la damu

Katika kuandaa somo hili tulinunua saa moja ya bei ya chini, ambayo boksi lake liliahidi kupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni na sukari. Tukaifunga kwenye kiroba cha mchele. Baada ya muda mfupi saa ilitangaza kwamba kiroba kina mapigo 74 kwa dakika. Tukaomba shinikizo la damu, ikatupa 118 kwa 76. Mchele ule ulikuwa na afya njema kuliko baadhi yetu.

Tulicheka, lakini tunaomba msomaji atutendee haki katika kulielewa jambo hili. Hata saa nzuri inaweza kuonesha namba za mapigo ikifungwa kwenye kitu kisicho na uhai, kwa kuwa mwanga hurudi kutoka popote na programu hujitahidi kutafuta mdundo. Jaribio la kiroba pekee halitoshi kuihukumu saa kwa mapigo. Lakini saa inayokipa kiroba shinikizo la damu haikupima chochote. Imetunga.

Hapa ndipo hatari ilipo. Mkimbiaji aliyedanganywa umbali amepoteza fedha, nayo fedha hutafutwa. Mgonjwa wa kisukari anayepunguza au kuongeza dawa kwa kufuata namba iliyotungwa anaweza kuzimia shambani peke yake. Februari 2024 mamlaka ile ile ya Marekani iliwatahadharisha wananchi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Ukiambiwa na muuzaji kwamba saa yake inapima sukari kwa mwanga tu, usinunue, na usiwanunulie wazazi. Kifaa kinachouzwa kwa kazi ya utabibu hapa nchini kiko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na una haki ya kumuuliza muuzaji kama kimesajiliwa.

Namba za saa na mwili wa mtu

Saa nyingi hukupangia kiwango cha mazoezi kwa kukadiria upeo wa mapigo ya moyo wako. Hesabu iliyozoeleka ni 220 kutoa umri. Ipo nyingine ya mwaka 2001: 208, kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mtu wa miaka 30 hesabu hizo huleta 190 na 187, ambazo ni karibu sawa. Kwa mtu wa miaka 60 huleta 160 na 166. Zote mbili ni wastani wa watu wengi, na upeo halisi wa mtu mmoja huweza kupishana nazo kwa mapigo 10 au zaidi bila ugonjwa wowote. Anayetumia dawa za shinikizo la damu kama atenolol au propranolol asizifuate kabisa, kwa sababu dawa hizo huuzuia moyo kwenda mbio. Huyo akimwuliza daktari wake kiwango kinachomfaa, atapata jibu ambalo saa haina.

Joto nalo lina neno lake. Ubaruku iko zaidi kidogo ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wakati Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Mkimbiaji wa Ubaruku akienda Mbeya kushindana atakuta hewa nyepesi na vilima, na mapigo yatapanda kwa kasi ile ile aliyoizoea. Mwenyeji wa Mbeya akiteremka Usangu mwezi Oktoba, joto litamfanyia vivyo hivyo. Katika hali zote mbili punguza kasi, wala usihangaike kuifikia kasi ya jana. Kipimo cha zamani bado kinafaa: mazoezi mepesi ni yale unayoweza kuyafanya huku ukizungumza sentensi nzima.

Faida moja ya saa ambayo sisi tunaithamini kuliko zote haihusu mbio. Ni mapigo ya asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani. Ukiyaandika kwa wiki mbili utaijua kawaida yako. Siku yanapokuwa juu kwa mapigo kadhaa, huenda uchovu wa jana haujaisha, kwa mfano kwa mtu aliyeshinda akipandikiza mpunga kisha akakimbia jioni. Huenda pia ni homa inayoanza. Katika eneo la majaruba na mbu, anayejisikia vibaya na kuona mapigo yamepanda aende akapime malaria. Saa haiwezi kumwambia ni malaria au la. Na anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia wakati wa mazoezi asimame papo hapo na kutafuta huduma ya afya, hata kama saa inaonesha kwamba kila kitu ni sawa.

Taarifa zako ziendako

Ili itumike kikamilifu, saa huhitaji programu kwenye simu, na programu hutuma kumbukumbu zako kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia ya njia za watumiaji wake. Januari 2018 watu wakagundua kwamba kambi za kijeshi katika nchi zenye vita zinaonekana wazi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia wakiwa na vifaa hivyo. Kwetu jambo hili ni dogo kwa sura, si kwa uzito. Binti anayekimbia kila alfajiri kutoka mlangoni kwake na kuziweka njia zake hadharani amemwambia kila mtu anapolala na saa anayotoka peke yake. Fungua mipangilio, zifanye mbio zako zionekane kwako tu, na ufiche eneo la nyumbani. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini sheria haiwezi kukirudisha sirini kilichokwisha kutangazwa na mwenyewe.

Unaponunua

Wengi wanaikumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, na tangu hapo wamezoea kubonyeza *#06# kuhakiki simu mpya. Njia hiyo haisaidii kwa saa nyingi, kwa kuwa hazitumii laini ya simu. Kagua badala yake kama saa inakubali kuungana na programu rasmi ya kampuni iliyoandikwa kwenye boksi, na ufanye hivyo dukani, kabla ya kulipa. Saa bandia mara nyingi hudai programu nyingine yenye jina geni. Kagua pia waya wa kuchajia, maana saa nyingi zina waya wake wa pekee na mbadala wake ni mgumu kupatikana Ubaruku. Kama saa imetumika, mwenyewe aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, vinginevyo utakuwa umenunua bangili.

Dai risiti ya EFD, na muuzaji aandike jina kamili na toleo la saa. Neno "saa" pekee halitoshi. Waranti iwe ya maandishi, ikitaja muda na mahali pa kuirudisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa zenye alama za kughushi. Ukiona umedanganywa, anza kwa muuzaji, umweleze kwa utulivu na umwoneshe matokeo ya futikamba au ya bodaboda. Akikataa kurekebisha, tuandikie barua au ufike ofisini ukiwa na saa yenyewe, risiti, tarehe za majaribio na namba ulizozipata. Njoo pia na boksi. Walalamikaji wengi hulitupa siku ya kwanza, nasi hubaki bila ushahidi wa kile walichoahidiwa.